Ubao wa Duara la Pantaleo

"Soma! Si umeandika mwenyewe? Soma basi, wenzako wasikie!"

"Nisome nini? Kila mtu hapa anaujua huo ubao. Unasema karibuni, ingieni na Mungu awatangulie."

"Nani kakwambia?"

"Wewe!"

"Mimi?"

"Wewe hapo, na hayo masharubu yako! Ulisimama palepale uliposimama sasa, ukasema, Mageni, andika maneno haya, ni ya baraka."

Pantaleo akacheka. Halikuwa cheko la furaha. Lilikuwa lile la mtu aliyekutwa na shati la wizi mwilini, akaona bora acheke tu. Hapo ndipo damu ilipompanda Mageni kichwani. Nyuma yao, karibu na mdomo wa duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, Thobias alikuwa amelazwa juu ya magunia, mguu wa kulia umepondeka chini ya goti mpaka mfupa unaonekana, nzi wameshafika, na mwenye duara anacheka.

"Sikiliza, kijana," Pantaleo akasema. "Kiingereza si chapati, kila mtu amegue anavyotaka. Pale pameandikwa hivi: ukiingia humu, lolote likikukuta ni shauri yako. Si shauri yangu. Wazungu wa zamani waliandika hivyohivyo kwenye mashimo yao na hakuna aliyewauliza. Thobias kaupita huo ubao kwa miguu yake mwenyewe. Nilimbeba?"

"Sasa ndo abebwe!"

"Mbebeni. Nimewakataza?"

"Na gari je? Gari lile pale!"

Wote wakageuka kuliangalia. Pikapu ya Pantaleo, Pijo ya buluu, ilikuwa imesimama kivulini, imeoshwa. Mwaka ule petroli ilikuwa inatafutwa kama dawa ya kifaduro, lakini Pantaleo alikuwa ameingiza pipa zima usiku wa kuamkia jana, kwa njia anazozijua yeye. Donatus, dereva wake, alikuwa ameegemea boneti anaangalia viatu vyake.

"Gari haliendi," Pantaleo akasema. "Nikimpeleka huyu leo, kesho nitaletewa mwenye malaria, keshokutwa aliyepigwa mwiko na mkewe. Mimi nimefungua duara, sikufungua zahanati."

Sasa wachimbaji walikuwa hawamtazami Pantaleo tena. Walikuwa wanamtazama yeye.

Tuseme ukweli, walikuwa na haki. Yale maneno hayakuletwa mjini na Pantaleo. Aliyeyaleta ni Mageni.

Mageni alikuwa mtu wa Samuye, kule Shinyanga vijijini. Shule aliiacha darasa la sita. Mwalimu alimchapa kwa kosa la mwenzake, yeye akaikamata fimbo, akaivunja, akaruka dirisha na hakurudi hata kuchukua kofia. Akafuata malori Shinyanga mjini, akajifunza kuandika majina kwenye milango ya malori ya pamba. Halafu akasikia Geita kuna dhahabu. Alipofika, akaingia duarani siku moja tu, akatoka amekauka midomo, akasema huko chini waende wenye roho ya panya. Akarudi kwenye brashi yake. Na brashi alikuwa anaiweza. Herufi zake zilisimama, mtu asiyejua kusoma naye alisimama kuziangalia.

Ndipo Pantaleo akamwita. Alikuwa na ubao wa mninga, mpana, mrefu kupita mtu, akataka usimamishwe mbele ya duara lake. Akampa maneno yamechorwa kwenye karatasi ya sigara: ENTER AT YOUR OWN RISK. Mageni akauliza, mzee, ndo nini hiki? Pantaleo, aliyewahi kuwa karani, anayekaa benchi la mbele kanisani, akamtazama usoni bila kupepesa. "Hayo ni maneno ya heshima," akasema. "Ni kama kusema Mungu akutangulie. Wewe andika."

Mageni akaandika. Kisha akayapenda.

Yalikuwa na uzito. Hayakuwa kama Kiingereza kile kingine cha kwenye makopo ya dawa. Na kilichomfurahisha zaidi, yalikubali kukaa popote. Ukiwa na sentensi yako ya Kiswahili imesimama wima, unayaweka mwishoni, nayo inavaa kofia. Hailalamiki, haivunjiki, inasomeka kama ilizaliwa hivyo. Bi Tabu wa Kalangalala, pale mjini Geita, alitaka hoteli yake ivutie watu, Mageni akamwandikia ukutani: KARIBU CHAI NA SAMBUSA AT YOUR OWN RISK. Bi Tabu akafurahi, akampa chai ya bure wiki nzima. Mzee Akida kinyozi akasikia, naye akataka. TUNANYOA WAKUBWA NA WATOTO AT YOUR OWN RISK. Majaliwa alipooa, Mageni alipaka ukuta wa ua wote chokaa na kuandika kwa rangi nyekundu: MAHARUSI, INGIENI AT YOUR OWN RISK. Wageni walipiga vigelegele chini ya hayo maneno.

Wachimbaji wakayachukua wakayafanya wimbo. Wasukuma wakilima hawalimi kimya, mmoja anaita na wengine wanaitikia, na wakichimba ni hivyohivyo. Mtu akiteremka kwa kamba, aliye juu anaita, "Ati yua oni!" Yule wa chini akikanyaga ardhi anajibu, "Riski!" Hapo wa juu wanajua mwenzao kafika salama. Ikawa desturi, na kwa desturi ile walishuka kila siku.

Wapo waliojua, Mageni akafikiria sasa, na shingo ikawaka moto. Kuna mwalimu mmoja alikuwa anakunywa chai kwa Bi Tabu. Alisoma ukuta, akapaliwa, akafuta machozi, akasema, "Safi sana, fundi." Kuna bwana mmoja wa ofisini, alisimama kwa Mzee Akida, akasoma, akacheka peke yake, akaingia akanyolewa. Walijua! Wote waliokwenda shule mpaka mwisho walijua, wakacheka, wakamaliza chai yao, wakaenda zao. Hata mmoja hakusema, we bwana, futa.

Asubuhi hii alikuja kuupaka ubao upya kwa sababu mvua zilikuwa zimefifisha rangi. Alikuwa amemaliza ENTER AT YOUR, ameinama kuchovya brashi, aliposikia Masele anaita kwenye roda, lile gurudumu la kamba ya kushushia watu na madebe, "Ati yua oni!" na Thobias akajibu kutoka chini, "Riski!" kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Halafu ardhi nayo ikajibu. Upande mzima wa duara ukashuka. Pale palikuwa panatakiwa matimba, yale magogo ya kuzuia ukuta usidondoke, na Thobias alikuwa ameyaomba mara nyingi. Pantaleo alimwambia miti ni ghali, achimbe kwa adabu.

Sasa Masele akamsogelea Mageni. Masele ndiye aliyekuwa nsumba ntale wao, mkubwa wa vijana, kama ilivyo kijijini kwenye makundi ya kulima. Akisema tunaanza, wanaanza. Akisema basi, ni basi. Alikuwa mfupi, mpole, na watu walimwogopa kwa sababu ya ule upole.

"Mageni. Ni kweli asemayo mzee?"

"Masele, mimi nilijuaje? Aliniambia ni baraka!"

"Ulikuwa hujui."

"Nikifa! Ningejua ningewaandikia ninyi? Ningemwandikia..." Akakatika. Amekumbuka mlango wa Mama Philomena, mkunga. WAJAWAZITO KARIBUNI AT YOUR OWN RISK. Aliandika kwa rangi ya kijani, akachora na ua kila upande. Wala hakutaka malipo, ilikuwa zawadi.

"Nakuamini," Masele akasema, akamgeukia Pantaleo. "Bosi, shikamoo tulikupa asubuhi, hatuirudishi. Lakini maduara yote ya hapa, mtu akiumia, mwenye duara anampeleka hospitali, na nyumba yake inakula kwa mwenye duara mpaka asimame. Tangu tulipokuja. Kwa Zamoyoni ni hivyo, kwa yule mama wa Kahama ni hivyo. Halijaandikwa popote kwa sababu kila mtu analijua."

"Ndo maana mimi nikaandika," Pantaleo akasema.

Madebe peke yake ndiyo yaliyosikika. Duara lile lilikuwa na maji, chemchemi imepita huko chini, na usiku na mchana vijana walikuwa wanapokezana kwenye roda, debe linapanda limejaa, debe linashuka tupu, kwara, kwara. Hata ukuta ulipoanguka, walipomtoa Thobias, wengine walirudi kwenye roda wenyewe bila kuambiwa. Ni mazoea. Ukiyaacha maji, kufika jioni mwamba wenye dhahabu unakuwa ziwa.

Ndipo Esta akafika, mke wa Thobias, anakimbia, mikono imejaa unga wa muhogo. Alikuwa anasonga ugali wa kambi nzima. Akapiga magoti kwa mumewe, akautazama mguu, akainuka. Hakulia.

"Mnangoja nini?"

Vijana wakaugeukia ubao.

"Nauliza, mnangoja nini? Mbona mnasimama kama mnaangalia mpira?"

"Mayu," Masele akasema, kwa heshima ya kumwita mama, "bosi anasema gari halitoki. Anasema ubao ule ulishasema."

Esta akautazama ubao. Hakusoma shule hata siku moja. Akauangalia juu mpaka chini kama anavyomwangalia mwanamke aliyemtukana sokoni. "Ubao umesema," akarudia. "Huo mti ndo umesema? Mume wangu kamtolea huyu mtu dhahabu mpaka kanenepa shavu, leo anayejibu ni mti?"

"Esta, dada yangu," Pantaleo akaanza, sauti ameipaka asali, "mimi roho inaniuma, lakini sheria..."

"Usiniite dada. Dada yako yuko kwenu, anapanda hilo gari kwenda kanisani."

Thobias akafungua macho. "Mageni," akaita. "Mageni yuko wapi?"

"Niko hapa, kaka."

"Hivi maana yake ndo hiyo? Shauri yako?"

"Ndo hiyo."

"Na mimi naitikia kila siku," Thobias akasema. "Kila siku naitikia, mjinga mimi." Akafumba macho tena.

Hilo ndilo lililomshinda Mageni. Matusi angeyavumilia. Angevumilia hata kupigwa. Lakini mtu kalala na mguu uliosagika, na anayemwita mjinga ni nafsi yake mwenyewe! Akauendea ubao. Akashika ukingo kwa mikono miwili, akakanyaga nguzo, akavuta. Misumari ikalia. Rangi mbichi ikamwingia viganjani.

"We! We kichaa! Ubao wangu huo!"

Mageni akavuta tena, upande mmoja ukaachia. Kijana mmoja akaja akashika upande wa pili, akaja na mwingine, ubao ukang'oka ukaanguka chali kwenye vumbi.

"Ni mpana," Mageni akasema akihema. "Anaenea."

Masele akaelewa kabla hajamaliza. Akapiga mluzi, ule mluzi wake wa kusema basi, na wale wa kwenye roda wakasimama. "Leteni kamba," akasema. Wakakata kamba ya roda, kamba yenyewe ya madebe, wakaja nayo. Wakamwinua Thobias kwa magunia yake, wakamlaza juu ya maneno, wakamfunga kifuani na kiunoni, mguu wakauegemeza kwenye mpini wa sururu. Alipiga ukelele mara moja, kisha akang'ata kitenge ambacho Esta alimtia mdomoni.

"Vijana wote," Masele akasema. "Mpaka hospitali ni mbali, tutapokezana. Wanane wanabeba, wanane wanapumzika njiani. Hakuna wa kubaki."

Wakauinua ubao mabegani.

Pantaleo alikuwa bado anatukana, anahesabu thamani ya mninga, anataja polisi, ghafla akanyamaza. Akageuza shingo upande wa duara. Alikuwa amesikia kitu, au niseme aliacha kusikia kitu. Madebe yalikuwa kimya. Na kwenye kile kimya, chini kabisa, maji yalianza kuongea. Tii, tii, halafu kama mtu anayesukutua.

"Ngojeni," akasema.

Hawakungoja.

"Masele! Ngojeni basi, mnakimbilia wapi kama nzige! Tuongee kiutu uzima. Donatus, lete gari. Gari liende, mimi si mnyama. Nusu wapande na mgonjwa, nusu mbaki kwenye maji. Si ndiyo? Hilo si haki?"

Vijana wakamtazama Masele. Wengine nyuso zilikuwa zinasema tusipande, tumbebe wenyewe mpaka Geita, aone haya mpaka wajukuu zake. Mageni alikuwa mmoja wao. "Tusilipande!" akapiga kelele. "Gari lake alale nalo!"

Esta akamgeukia. "Mguu ni wako?"

Mageni akautazama mguu wa Thobias.

"Hasira yako itamtibu? Kama itamtibu, ipake hapo nione. Kama haitibu, shika huo ubao, tumpakie. Maneno yenu mtamalizia mkirudi."

Wakampakia. Ubao uliingia vizuri nyuma ya pikapu, ncha yake ikachungulia nje kidogo. Esta akapanda, akaweka kichwa cha mumewe mapajani. Masele akapanda. Akapanda mwingine, na mwingine, mpaka matairi yakakaa chini. Waliokosa nafasi wakajipanga nyuma ya gari, kaptula zina tope, tayari kutembea.

"Nusu!" Pantaleo akasema. "Nilisema nusu! Mlikubali!"

"Nani alikubali, bosi?" Masele akauliza kwa ule upole wake. "Tuonyeshe palipoandikwa."

Vijana wakaangua kicheko, hata Thobias alionekana kutikisika bega. Pantaleo akamrukia dereva dirishani. "Donatus, zima gari! Nasema zima!" Donatus akamtazama bosi wake, akatazama kioo cha nyuma, akatia gia. Gari likaondoka polepole kwa ajili ya mgonjwa, na wale wa miguu wakalifuata. Vumbi likawameza. Kwa mbali mmoja akaita kwa mazoea, "Ati yua..." akakatizwa na kofi la kisogoni, kelele ikaisha.

Mageni alikuwa amebaki nyuma kukusanya vitu vyake, kopo na brashi na chupa ya mafuta ya taa ya kufutia rangi. Mikono yote ilikuwa myeusi kwa rangi. Alikuwa anafikiria aanzie wapi kuyafuta yale maneno. Kwa Bi Tabu pangekuwa na kesi, maana Bi Tabu alikuwa na ulimi. Kwa Majaliwa mke alishapata mimba, na ule ukuta ulikuwa unawatazama kila asubuhi. Hapana. Kwa Mama Philomena kwanza. Pengine sasa hivi kuna mwanamke ameshikwa na uchungu, anashikiliwa na shemeji zake, anapita kati ya yale maua ya kijani.

"Mageni."

Pantaleo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa duara, debe tupu liko miguuni. Masharubu yalikuwa yameshuka.

"Mageni, mwanangu. Usiwafuate hao. Wewe ni fundi, wewe si mwenzao. Nataka ubao mwingine. Safari hii uandike kwa Kiswahili."

Mageni akasimama. Kwa kitambo kidogo, na baadaye alijichukia kwa hicho kitambo, moyo ulimwambia mzee kaona kosa lake. Labda anataka kuandika kwamba duara limefungwa mpaka matimba yaje. Labda anataka jina la Thobias.

"Niandike nini, mzee?"

"Yaleyale. Ila yaeleweke. Ukiingia humu, shauri yako. Herufi kubwa, mtu asije akasema tena hakujua." Akachungulia chini, akajifuta jasho. "Lakini kwanza nisaidie hili debe. Kuna kamba ya zamani pale kibandani. Wewe uteremke, mimi nivute. Si unasikia? Maji yanapanda."

Mageni alikuwa anasikia. Yalikuwa yanapanda kweli, yanachekea kwenye mawe.

Tusi lilikuwa limejaa mdomoni, zuri, la Kisukuma, lenye mama na bibi ndani yake. Akaliona ni ghali mno kumpa mzee huyo. Akatumbukiza brashi kwenye kopo, akatia chupa ya mafuta ya taa kwapani.

"Mageni! Nasema na wewe! Mageni!"

Akageuka, akashika njia ya Kalangalala, kwa Mama Philomena.